Visawe vya Kiingereza na Dhima ya Mkalimani

Imekita mizizi miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili dhana kwamba kuchagua baina ya maneno ya Kiingereza yenye maana zinazokaribiana ni shughuli ya wenzetu wa idara jirani. Sisi, tunadai, tuna lugha yetu ya kuitetea. Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba dhana hii ina madhara, na kwamba anayeumia si sisi tulio madarasani bali mwananchi aliye kizimbani.

Tuchukue sentensi nyepesi. Shahidi anaiambia mahakama: "Kijana yule aliniibia simu." Mkalimani ana vitenzi viwili mbele yake: 'steal' na 'rob'. Orodha za visawe huviweka bega kwa bega kana kwamba ni pacha. Sheria haivioni hivyo. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, wizi wa kawaida huadhibiwa kwa kifungo kisichozidi miaka 3. Wizi ulioandamana na nguvu au vitisho ni kosa jingine, ambalo kifungo chake hufikia miaka 14. Iwapo mtuhumiwa alikuwa na silaha hatari au aliandamana na mwenzake, kifungu cha 296 kinataja adhabu ya kifo. Baina ya vitenzi hivyo viwili, basi, pana uhai wa mtu.

Hali ni iyo hiyo nyumba inapovunjwa. Mchana, sheria yetu huliita kosa hilo 'housebreaking', na kifungo chake ni miaka 7. Likitendeka usiku, jina hugeuka likawa 'burglary', na kifungo kikapanda hadi miaka 10. Shahidi atasema tu kwamba "walivunja nyumba". Mkalimani anayelichagua neno la pili kwa kuwa lina mvuto masikioni huwa amelitia giza tukio ambalo huenda lilitendeka jua likiwaka.

Yamkini msomaji atasema kwamba ila ni ya Kiswahili, hakina upambanuzi. La hasha! Tuna kuiba, kudokoa, kukwapua, kupokonya, kunyang'anya na kupora. Adokoaye nyama chunguni hakumtisha mtu. Akwapuaye hutegemea wepesi wa mkono. Anyang'anyaye hutumia nguvu. Shahidi aliyesema "alininyang'anya" amekwisha kutoa ushahidi kuhusu nguvu hizo. Mkalimani akilifasiri neno lake kwa 'took', ushahidi huo umepotelea njiani.

Rai yangu ni kwamba mkalimani asijiulize ni neno lipi la Kiingereza lililo zito, bali kitenzi cha shahidi kimebeba nini. Je, kimetaja nguvu? Kimetaja wakati? Kisipotaja, achague neno lisiloongeza kitu, na kuiachia mahakama kazi ya kuhoji. Kwa hivyo "aliniibia" ni 'steal', kwani 'rob' humtilia shahidi kinywani nguvu ambazo hakuzisema.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo haina maana ikiwa mkalimani mwenyewe hubahatisha maneno. Napendekeza kozi zetu za tafsiri na ukalimani ziache kuturidhisha kwa orodha za visawe za kukariri. Wahadhiri watupe kauli za mashahidi, nasi tutetee kila neno la Kiingereza tulilolichagua, tukieleza pia kwa nini tumelikataa la jirani yake.

Kukijua Kiingereza kwa undani huo si kukisaliti Kiswahili. Ni kuhakikisha kwamba kilichosemwa kwa Kiswahili kinafika kama kilivyosemwa. Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Vivyo hivyo, ni vigumu mno kulizoa neno lililokwisha kuingia katika kumbukumbu za mahakama.