Orodha ya Haja Si Tangazo la Barazani

Kuna desturi mpya iliyoingia katika Mji wa Kale wa Mombasa, na inazidi kushika mizizi. Familia inapokaribia harusi, au mtoto anapoitwa shule ya bweni, vitu vinavyohitajiwa huandikwa katika simu na orodha yake ikatumwa kwa jamaa na marafiki: friji, godoro, sufuria, sanduku la chuma, sare pea mbili. Kila mmoja huchagua atakachotoa. Wako wanaoilaani desturi hii wakisema kuwa ni uombaji uliovishwa nguo za kigeni. Mimi siafikiani nao. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyoitumia.

Ni kweli kwamba daftari la zawadi za harusi lina historia yake ughaibuni. Duka la Marshall Field's la Chicago lilianzisha lake mwaka 1924. Hata hivyo, maana yake haikuwa ngeni Kibokoni wala Kuze. Mashangazi na mama wakubwa walijua nyumba ya maarusi imepungukiwa na nini. Orodha ilikuwako, ila ilikaa vichwani mwao. Huyu alinong'onezwa alete leso kutoka Biashara Street, yule akaambiwa vyombo, ili wawili wasilete kitu kimoja. Aliyekuwa hana alipewa la kufanya kwa mikono yake, na hakuna aliyejua kwamba hakutoa senti. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na wazee wetu walihakikisha kuwa utajiri haupimwi mbele ya wageni.

Simu imeupindua utaratibu huo. Mwaka 2016 kundi la WhatsApp liliweza kubeba watu 256. Tangu mwaka 2022 laweza kubeba 1,024. Kundi liitwalo la jamaa, basi, huwa na binamu wa Likoni, ami aliyeko Muscat, jirani, muuza duka, na watu ambao hakuna akumbukaye nani aliwaingiza. Humo msimamizi hubandika majina na viwango. Aliyetoa shilingi 10,000 yuko juu, aliyetoa 200 yuko chini, na aliyenyamaza huulizwa kwa jina lake yuko wapi. Wengine hubandika ujumbe wa M-Pesa kuwa ushahidi, wakasahau kwamba ujumbe huo unaonyesha pia salio lao. Huduma hiyo iliyoanzishwa Machi 2007 imeturahisishia kusaidiana. Sisi tumeigeuza kuwa dirisha la kuchungulia mifuko ya wenzetu.

Yafaa pia tuelewe vyombo tunavyovitumia. Chukua mfano wa orodha za duka la Amazon. Zina milango mitatu: orodha ya wazi inayoweza kutafutwa na yeyote, orodha ionwayo na aliyepewa kiungo chake, na orodha ya siri ionwayo na mwenyewe tu. Wengi wetu huudhani mlango wa pili kuwa una kufuli. Hauna. Kiungo ni mfano wa ufunguo unaojizalisha: umpe mmoja, naye aupeleke kwa kumi, na kila mmoja wao ataingia bila kubisha hodi. Atakaye faragha ya kweli na achague njia inayomtaka ataje walioalikwa mmoja mmoja, au ampigie simu kila amtakaye.

Je, sheria itatuokoa? Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa habari za familia na faragha yake pasipo sababu. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haiyagusi mambo ambayo mtu anayafanya kwa shughuli za kibinafsi au za nyumbani tu. Kwa maneno mengine, Kamishna wa Data haji sebuleni kuamua ugomvi wa orodha ya harusi. Pale ambapo sheria imesimama mlangoni, ustaarabu ndio upasao kuingia ndani.

Najua nitajibiwa kwamba usiri huzaa ubadhirifu: pesa zikikusanywa gizani, zitaliwa gizani. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi kumwaibisha mtu. Jumla ya mapato na matumizi na itangazwe kwa wote waliochanga. Majina na viwango na vibaki kwa watu wawili waaminifu, wa upande huu na wa upande ule. Katika orodha yenyewe, kitu kilichokwisha kupata mtoaji na kiandikwe kwamba kimepatikana, basi. Hesabu itakuwa wazi, na heshima itabaki imesitiriwa.

Walimu wana sehemu kubwa katika jambo hili. Shule si sebule, na msamaha ule wa nyumbani hauihusu. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwalimu anayebandika katika kundi la wazazi majina ya wanafunzi wasio na sare au vitabu ana nia njema, pengine. Lakini asubuhi yake mtoto huyo ataingia darasani akiwa ameshasomwa na wenzake wote. Mtoto aliyeaibishwa hivyo huacha kusema haja yake, na mficha maradhi kifo humwumbua.

Nanyi wanafunzi, ambao aghalabu ndio mnaowashikia wazazi wenu simu na kuwaandikia orodha hizo, mna kazi. Kabla ya kutuma, ulizeni: nani atauona ujumbe huu, nani aweza kuupeleka mbele, na ni nani atakayeona haya akiusoma? Siri ya mtungi aijuaye kata. Haja ya nyumba na waijue wale walio tayari kuibeba, nao ni wachache kuliko 1,024.