Kompresere ya minibisi: musisadiki katoni

Bandugu ba kazi, kuko wenzetu benye balinunua minibisi na dekonte yao, leo banabeba batu kwenda Kolwezi. Ni vizuri. Lakini kompresere? Ni ile ndogo ya kuingiza mu tundu ya kuwashia sigara. Katoni inaandika bari 10, mutu anasadiki. Ile 10 ni mwisho wa kadrani tu! Uliza litre ngapi kwa dakika. Pine ya nyuma, motokari ikijaa, inaweza kuomba bari 4. Kile kitoto kitahangaika, kitapata moto, ao kitaunguza fuzibili, juu ile tundu haipitishi sana amperi 15.

Mimi nasema: tafuta yenye kufunga ku batri na mapensi mbili, moteri ikizunguka, yenye mupira murefu wa kufika nyuma. Na upime asubuhi, pine ingali baridi.

Pine laini haipasuki mu parking. Inatembea, inapata joto, inapasuka Likasi ikisha kubaki nyuma, na ndani muko bamama na batoto. Patron mwenye kusema kompresere ya muzuri ni bei, yeye mwenyewe aikale kiti cha nyuma, juu ya pine.