NAULI YA MELI NA POLO LA MCHELE

Kila mwanachama aliyekwenda dukani kununua polo la mchele au unga wa ngano amekwisha kuisikia hoja hii: "Bahari ya Sham, bwana." Hoja hiyo ina kweli ndani yake, nasi hatuikanushi kwa kuwa tu yawafaa wakubwa. Ila nusu yake imefichwa.

Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader, na kabla mwaka haujesha makampuni makubwa ya meli yaliacha kupita Babul-Mandab. Meli zitokazo China kwenda Ulaya zikaizunguka Afrika kwa Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikazidi kwa siku kumi na zaidi, na mafuta na mishahara ya mabaharia vikazidi kwa kadiri hiyo. Wazee wetu wakingoja kaskazi kwa miezi, lakini upepo haukuwadai bima. Wakati huo huo ukame ulilipunguza ziwa la Gatun, na Mfereji wa Panama ukapunguza idadi ya meli zinazopita kwa siku.

Yuko atakayeuliza: mchele wa Karachi haupiti Bahari ya Sham, mbona nauli yake nayo hupanda? Swali ni zuri. Meli ikaayo baharini siku nyingi hufanya safari chache kwa mwaka. Hivyo meli huadimika bila ya hata moja kuzama, makontena huwa haba, na mwenye kontena hulipeleka panapolipwa zaidi. Sisi wa visiwani tu wa mwisho katika safu, kwani mizigo yetu mingi hushushwa kwanza katika bandari kubwa za wengine, ikangoja chombo kidogo cha kuileta Malindi, na kila kituo kina makuli wake na ankra yake.

Hayo hayakuletwa na Serikali, wala hatuilaumu kwayo. Twailaumu kwa hili. Ushuru wa forodha wa Afrika ya Mashariki hautozwi juu ya bei ya bidhaa iletwayo kwa bahari peke yake, bali juu ya bei pamoja na bima na nauli. Basi bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25, nauli yake ikipanda kwa shilingi 100,000, forodha hujipatia shilingi 25,000 zaidi bila ya kuongeza hata kuli mmoja gatini. Na penye kodi ya ongezeko la thamani, nayo huja juu ya jumla hiyo.

Tutajibiwa kuwa sheria ni ya Jumuiya, haiguswi na Zanzibar peke yake. Sawa, lakini nafuu za ushuru zimekwisha kuombwa Arusha mara nyingi kwa bidhaa nyingine, na njia ya barua haijafungwa. Twataka nyongeza ya nauli iletwayo na vita isihesabiwe katika thamani ya vyakula inayotozwa ushuru, na ada zote za bandarini zibandikwe hadharani, Unguja na Pemba.

Matawi yakusanye risiti za mchele na unga kila mwezi, yaziwasilishe makao makuu kabla ya kikao cha bajeti.