Milango ni mingi Las Vegas ila wenye nyumba ni wachache

MSAFIRI anayefunga safari hadi Las Vegas, Marekani, kwa likizo ya kucheza kamari hukabiliwa na swali moja pindi anapotua: aingie kasino ipi na aipite ipi?

Barabara kuu ya kasino, maarufu kama Strip, imesheheni majumba ya kifahari kwa umbali wa karibu kilomita saba. Kuna lenye mnara ulioigwa ule wa Eiffel jijini Paris, kuna lenye umbo la piramidi, na kuna lenye chemchemi zinazoruka kwa mdundo wa muziki.

Aghalabu wageni huchagua kwa kufuata madoido hayo. Hata hivyo, tofauti kubwa kati ya kasino moja na nyingine haionekani kutoka barabarani. Imo katika kanuni za mezani, ambazo wachache huzisoma kabla ya kutoa fedha.

Isitoshe, uhuru wa kuchagua ni mdogo kuliko wingi wa milango unavyoashiria. Mnamo 2000, kampuni ya MGM Grand ilinunua Mirage Resorts, na mwaka wa 2005 ikaimeza Mandalay Resort Group. Mwaka uo huo wa 2005, kampuni ya Harrah's ilinunua Caesars Entertainment, na baadaye ikalitwaa jina hilo.

Leo hii, MGM Resorts na Caesars Entertainment ndizo zinazoendesha sehemu kubwa ya kasino za Strip. Mgeni anayeondoka Bellagio kwa hasira baada ya kushindwa, akaingia Aria na kisha New York-New York, huwa amehama meza tu. Fedha zake zinaishia katika mfuko ule ule wa MGM.

Pale ambapo ushindani ni hafifu, mwenye meza hupata nafasi ya kukaza kanuni. Mchezo wa ruleti ni mfano bora. Gurudumu la Ulaya lina vishimo 37, kimoja kikiwa cha sifuri. Lile la Marekani lina vishimo 38, viwili vikiwa vya sifuri.

Mnamo 2016, kasino ya Venetian ilileta gurudumu lenye sifuri tatu, na tangu hapo magurudumu ya aina hiyo yameenea katika majumba mengine. Malipo ya anayeotea nambari moja hayakubadilika: angali analipwa mara 35 ya dau lake.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini hesabu inasema mengine. Anayeweka dau la dola 15 mara 40 kwa saa, kwa muda wa saa 12 katika likizo nzima, huwa amezungusha dola 7,200. Kwa wastani, gurudumu la sifuri moja litamla dola 195, la sifuri mbili dola 379, na la sifuri tatu dola 554.

Kuna kinaya hapa. Kwenye Strip, meza za sifuri moja mara nyingi hutengewa wenye madau makubwa. Mtu wa kipato cha chini akilazimika kuweka dola 50 kila mara ili aketi hapo, atapoteza wastani wa dola 54 kwa saa, ilhali kwenye meza mbovu ya sifuri tatu angepoteza dola 46 kwa dau la dola 15. Tajiri huuziwa mchezo huo kwa kiwango nafuu, huku maskini akitozwa kiwango cha juu.

Hali ni iyo hiyo katika mchezo wa karata wa 21. Zamani, aliyepata 21 kwa karata mbili za kwanza alilipwa dola 3 kwa kila dola 2 alizoweka. Siku hizi meza nyingi za madau madogo hulipa dola 6 kwa kila dola 5. Kwa dau la dola 20, mshindi hupokea dola 24 badala ya dola 30.

Kwa upande wa mashine za kamari, mgeni hawezi kujua kwa kutazama ni ipi inayolipa vyema. Bodi ya kudhibiti kamari ya jimbo la Nevada huchapisha mapato kwa maeneo, wala haitaji kasino moja moja. Hata hivyo, takwimu hizo zimekuwa zikionyesha kuwa mashine za mitaa inayotegemea wenyeji huwabakishia wachezaji kiasi kikubwa kidogo kuliko zile za Strip. Mwenyeji hurudi kila wiki na hukumbuka alikonyonywa. Mtalii huondoka baada ya siku tatu.

Kuna wanaoshikilia kuwa likizo ni starehe, na kwamba fedha zinazopotea mezani ni sawa na nauli au tiketi ya tamasha. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini tiketi huonyesha bei yake kabla ya kununuliwa, ilhali bei ya kamari imefichwa katika idadi ya sifuri na katika maandishi madogo juu ya kitambaa cha meza.

Kwa hivyo, mgeni mwenye busara angetembea kwanza bila kucheza. Angehesabu sifuri, asome kiwango cha malipo, aulize dau la chini, na atembelee pia kasino za Fremont Street, katika mji wa kale, kabla ya kuamua. Na kiasi atakachokuwa radhi kukipoteza angekiamua akiwa bado nyumbani.

Pamoja na hayo yote, hakuna uteuzi wa kasino utakaogeuza hasara kuwa faida. Kule Monaco, nchi iliyojijengea sifa kwa kasino ya Monte Carlo, sheria huwazuia raia wenyewe kucheza kamari humo. Waliojenga nyumba hiyo walijua fika ni nani angeilipia.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Anachoweza kuchagua msafiri ni nguvu ya mvuto huo tu, na wakati wa kuinuka na kuondoka.