Kasha la Mzee na Kioo cha Kugusa

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu, magharibi ya Rwanda. Mvua za usiku huo ziliua watu zaidi ya 130 nchini, na katika sekta ya Rugerero, jirani na mji wa Gisenyi, maji yaliingia hadi vyumbani mwa watu. Yaliporudi mtoni yaliacha matope juu ya vitanda, sufuria na vitu vya kumbukumbu.

Ifikiriwe nyumba ya mjane mmoja wa huko. Marehemu mumewe alimwachia redio ya mezani ya kasha la mbao, yenye valvu, ile inayopata moto kwanza ndipo iseme. Maji yameilaza. Mwanawe askari, aliyekuja likizo, anataka kuitia kompyuta ndogo na kioo cha kugusa, igeuke sanduku la muziki, mfano wa yale ya baa ambayo mteja alitia sarafu akachagua wimbo. (La kwanza la kutiwa sarafu liliwekwa San Francisco, Marekani, mwaka 1889.) Mama anauliza neno moja tu: “Mwanangu, na habari nitazisikia wapi?”

Swali hilo ndilo linalopasa kutangulia msumeno. Redio ya valvu iliyo hai haifai kutolewa matumbo kwa ajili ya nyimbo. Apelekewe fundi mzee, na muziki utafutiwe sanduku jingine. Bali iliyokaa majini, transfoma ikaungua na chasi ikaliwa na kutu, hiyo kasha lake ni halali kupewa kazi mpya. Hata ingepona, isingeyakuta masafa mafupi kama ilivyoyaacha: kituo cha Deutsche Welle cha Kigali, kilichorusha matangazo tangu mwaka 1965, kilifungwa mwaka 2015.

Kufungua nako kuna hatari yake. Ndani ya redio ya valvu umeme hupanda volti 200 na zaidi, na kapasita zake kubwa huweza kubaki na nguvu hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Ziko redio zisizo na transfoma kabisa, ambazo chasi yake nzima huweza kubeba umeme wa ukutani. Baadhi zina pia bamba la asbesto la kukinga joto la valvu. Vumbi lake hudhuru mapafu, basi lisikwanguliwe wala kuvunjwa. Kazi hii ni ya fundi redio. Kijana mwenye bisibisi na haraka akae kando.

Kasha likaushwe kivulini, polepole, majuma kadhaa. Jua kali hupasua mbao, na ile ngozi nyembamba ya mbao ya thamani iliyobandikwa juu huinuka kama ganda la kitunguu, kwa kuwa gundi ya zamani huyeyuka kwa maji. Seremala huirudisha kwa gundi mpya na vibano.

Sasa kioo. Skrini ya inchi 7 inayouzwa kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi huonyesha picha ya milimita 154 kwa 86, na fremu yake ni kubwa zaidi. Dirisha la redio lenye majina ya miji kwa kawaida ni refu na jembamba, hivyo skrini haliingii. Hapo ndipo wengi hushika msumeno wakaharibu kitu kisichopatikana tena dukani. Wengine hudhani wataificha skrini nyuma ya kioo cha zamani. Kidole hakitaisikia, kwa sababu skrini za siku hizi huhisi umeme mdogo wa mwili, na kioo cha pili chenye nafasi ya hewa katikati huukinga.

Iko njia ya heshima. Ubao mwembamba wenye kitambaa, unaoshika spika, hufunguka kwa skrubu. Utolewe, ufungwe katika gazeti na kuwekwa pamoja na chasi. Seremala achonge mwingine wa ukubwa uleule, akate humo tundu la skrini na la spika mpya ndogo. Kioo cha miji kibaki mahali pake, nyuma yake itiwe taa ndogo isiyo na joto. Mjukuu akitaka siku moja kuirudisha redio ya babu, hakuna tundu atakalolilaumu.

Ndani hukaa kompyuta, kibao cha kukuza sauti na kigeuzi cha umeme kilichofungwa vizuri, kisicho na waya wa ukutani ulio wazi. Ubao wa nyuma uachiwe matundu ya hewa. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba nyimbo zaidi ya 6,000, ambazo ni nyingi kuliko subira ya jirani yeyote.

Lakini mama hasomi maandishi madogo. Skrini yake ipangwe picha kubwa nne tu: kwaya, rumba, nyimbo za harusi, na habari, yaani redio kwa njia ya intaneti, au ya FM kwa kifaa kidogo cha kuchomeka. Na sauti isiongezwe kwa kidole juu ya kioo. Kirudishwe kile kitasa alichokizoea. Fundi apime kwanza ekseli yake, kwani vitasa vya zamani vingine ni vya milimita 6 na vingine ni vya 6.35, na tofauti hiyo ndogo hukifanya kitasa kizunguke bure.

Jambo moja mwana amweleze kabla likizo haijakwisha: umeme ukikatwa ghafla, kadi huweza kuharibika na nyimbo zote zikapotea. Kwa hiyo itiwe betri ndogo ya akiba, na kitufe chekundu cha kuzimia pembeni, pale mkono wa mzee ulipozoea kufika usiku baada ya taarifa ya habari.