Si Kila Daraja la Mawe Ethiopia ni la Wareno

Karibu na monasteri ya Debre Libanos, kaskazini mwa Addis Ababa, kuna daraja la mawe na chokaa lenye matao, hatua chache tu kabla maji hayajaporomoka bondeni. Wageni huambiwa ni "Daraja la Wareno". Hoja za kulitetea jina hilo hazisimami.

Ya kwanza: lilijengwa na askari wa Kireno wa Cristóvão da Gama. Hao, wapatao 400, waliingia Ethiopia mwaka 1541 kupigana na Imamu Ahmad ibn Ibrahim. Mwaka uliofuata kamanda wao akauawa. Walionusurika walibaki nchini, ni kweli. Lakini Wajesuiti walioandika katika miaka ya 1620 wanaitaja chokaa ya kujengea kama jambo jipya huko. Askari wa 1541 wangeitoa wapi?

Ya pili ina uzito zaidi: matao na chokaa, wanasema, ni ufundi wa Kireno. Manuel de Almeida, Mjesuiti aliyekuwa Ethiopia wakati huo, aliandika habari za daraja la Alata, chini ya maporomoko ya Tis Abay, lililojengwa enzi za Mfalme Susenyos. Mawe ya kuchomea chokaa yalipatikana jirani, na msimamizi alikuwa fundi aliyekuja kutoka India pamoja na Patriaki Afonso Mendes. Basi hata daraja lenye haki kubwa ya kuitwa la Wareno lilijengwa katika utawala wa mfalme wa Kihabeshi. Fasilides, mwanawe Susenyos, aliwafukuza Wajesuiti, na bado akajenga ngome yake Gondar kwa mawe na chokaa. Tao peke yake halikwambii karne wala asili ya mwashi.

Ya tatu, eti chokaa ilikorogwa na mayai ya mbuni. Hadithi tamu, lakini hata ingekuwa kweli, mbuni si Mreno. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zimesimama kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na hakuna aliyevunja yai.

Mjenzi anayetajwa kwa hoja nzito zaidi ni Ras Darge, baba mdogo wa Mfalme Menelik wa Pili na mtawala wa Selale, mwishoni mwa karne ya 19. Anayewashikilia Wareno alete hati ya zama zao. Mpaka atakapoileta, liitwe Daraja la Ras Darge.