MAUA YAPIMWA, MAMA HAPIMWI

Ndugu Wafanyakazi, wanaume kwa wanawake,

Waridi la Naivasha halipandi ndege hivi hivi. Afisa wa KEPHIS hufungua katoni, akatoa maua, akayatazama jani kwa jani akitafuta kiwavi. Mwaka 2025 nchi za Ulaya zilikaza masharti juu ya kiwavi huyo wa waridi, na matajiri pamoja na Serikali wakaketi kutafuta njia ya kumzuia. Hatulaumu jambo hilo. Ua likikataliwa Ulaya, sisi ndio wa kwanza kuambiwa tubaki nyumbani.

Lakini chama chauliza swali moja. Mama aliyelichuma ua hilo, naye ana mimba ya wiki sita, amepimwa na nani? Damu yake imeandikwa katika kitabu gani? Mtoto wake akizaliwa, ni mtaalamu gani aliyetumwa kumwangalia, akarudi kumwangalia tena alipofika miaka saba? Kiwavi ana daktari wake, mama hana.

Katika mkutano wetu wa tawi mama mmoja alisimama akasema hivi: "Mimi nilitumwa kuingia grinihausi dawa ikiwa bado yanuka. Baada ya siku chache mimba ikatoka. Nilipouliza, nikaambiwa ni bahati mbaya." Shamba lake hatulitaji, kwa kuwa leo hatushtaki mtu. Wala hatusemi kwamba dawa ndiyo iliyotoa mimba ile, maana mimba hutoka kwa sababu nyingi. Tunalosema ni kwamba yule aliyemjibu "bahati mbaya" alijibu bila kupima cho chote. Jibu la namna hiyo si la daktari, ni la mtu anayetaka kufunga mlango.

WENGINE WALIPIMWA

Ndugu, msidhani jambo hili haliwezi kuchunguzwa. Katika bonde la Salinas, California, ambako watu walima mboga, Chuo Kikuu cha Berkeley kiliwaandikisha akina mama waja wazito 601 katika mwaka 1999 na 2000. Wengi wao ni Wameksiko wa kazi za mashamba na jamaa zao, watu wa jasho kama sisi. Fedha zilitoka katika Serikali ya Marekani. Walipimwa mkojo wakati wa mimba, na watoto wao wakafuatwa mwaka kwa mwaka. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi ya dawa za jamii ya oganofosfeti walipungukiwa pointi 7 katika mtihani wa akili walipofika miaka 7, wakilinganishwa na wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi. Mwaka 2020 jimbo la California likakomesha uuzaji wa dawa moja ya jamii hiyo, iitwayo klopirifosi. Uchunguzi ule ulikuwa mmoja wa ushahidi.

Tazameni Ekuado, nchi ya maua kama yetu. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya watoto wa shule katika eneo la maua kaskazini mwa nchi hiyo. Wale ambao mama zao walifanya kazi ya maua wakiwa na mimba walionekana kuwa nyuma katika baadhi ya majaribio, kiasi cha mwaka mmoja na nusu mpaka miwili. Watoto wenyewe walikuwa wachache, hawakufika mia, kwa hiyo hatuwezi kusema neno la mwisho limesemwa. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka uchunguzi mkubwa zaidi.

Kisha tazameni Denmark. Mnajua kwamba kampuni ya Kidenmark ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kulima maua kwa biashara kubwa huku Naivasha, karibu na mwaka 1970. Kwao wenyewe, wataalamu walichunguza wavulana 113, wengi wao wakiwa wana wa akina mama wa grinihausi, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Walipofika miezi mitatu, asilimia 6.2 kati yao walikuwa na korodani ambazo hazijashuka, na kwa watoto wa eneo la Copenhagen ni asilimia 1.9. Na hayo yalitokea katika nchi yenye masharti makali ya kazi na utaratibu maalum wa kuwalinda waja wazito. Ikiwa ni hivyo huko, je, huku?

MSISEME NI HABARI YA WANAWAKE

Ndugu wapiga dawa, najua baadhi yenu mmekwisha geuza ukurasa. Rudini. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja cha dawa za mashamba huko Lathrop, California, wanaume walianza kuambiana wakati wa mapumziko kwamba hawapati watoto. Wakatia mashaka. Wanachama wa chama cha wafanyakazi ndio waliodai wapimwe mbegu, na walipopimwa ikaonekana wengine hawana mbegu kabisa. Dawa ile ilikuwa DBCP, ya kuua minyoo ya udongo.

Sasa sikilizeni jambo la kuuma. Makampuni yaliyoitengeneza yalikuwa yamekwisha fanya majaribio kwa wanyama tangu miaka ya 1950, na korodani za panya zilinyauka. Habari hizo zilichapwa mwaka 1961. Tangu 1961 mpaka 1977 ni miaka 16, na muda huo wote watu walikuwa kazini. Hata Marekani ilipoanza kuizuia, dawa hiyo iliendelea kutumika katika mashamba ya ndizi ya Kosta Rika na nchi jirani, na wanaume kwa maelfu walifika mahakamani kudai haki ya uzazi wao.

Mafundisho ni mawili. La kwanza, mfanyakazi ndiye aliyeanza kuona. La pili, uchunguzi ukiwa mali ya kampuni, jibu huweza kulala sandukuni. Ndiyo maana twadai uchunguzi wa fedha za umma, ambao matokeo yake husomwa na kila mtu.

VISINGIZIO VYAO

Tajiri husema: "Shamba langu lina kliniki na cheti cha ukaguzi ukutani." Vema. Lakini daktari wa kliniki hiyo alipwa na nani, na taarifa yake yaenda kwa nani? Kanuni za mwaka 2005 za kupima afya za wafanyakazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, zipo. Kumpima mpiga dawa damu ni jambo jema. Lakini kumpima mtu mmoja mmoja si uchunguzi, mpaka hesabu za mashamba yote zikusanywe, zilinganishwe, na zitangazwe.

Wengine husema: "Mama ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili." Kweli, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema hivyo, na vyama vya wafanyakazi vyaitetea. Lakini likizo hiyo huja tumbo likiwa kubwa. Neva za uti wa mgongo wa mtoto hujifunga karibu na siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Siku hiyo mama mwenyewe mara nyingi hajui kama ana mimba. Na akijua, ikiwa ni wa kandarasi ya miezi michache, atanyamaza, maana aogopa jina lake lisirudi katika orodha. Basi mtoto hulindwa baada ya hatari kupita.

Serikali husema: "Fedha hakuna, kwanza tununue dawa za hospitali." Ndugu, fedha hizo ni zetu. Tangu 1966 mfanyakazi alikatwa kwa ajili ya NHIF. Tangu Oktoba 2024 akatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa ajili ya SHA, na kodi juu yake. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 yasema Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiasi hicho hakijapata kutolewa hata mwaka mmoja. Mfanyakazi akikatwa, hukatwa mpaka senti ya mwisho. Serikali ikidaiwa, sheria hulala.

Wako pia wenzetu wanaosema: "Uchunguzi utawatisha wanunuzi, tutapoteza kazi." Hofu hiyo si ya kuchekwa. Mwenye watoto wanne Karagita akifikiria kodi ya nyumba, haki yake kuogopa. Lakini wanunuzi wa Ulaya hawakuacha kununua maua kwa sababu Denmark ilipima watoto wake. Kinachoua biashara ni siri kufichuka siku moja magazetini, wala si hesabu iliyowekwa wazi na hatua zilizochukuliwa.

Na wako wasemao: "Wataalamu hutufanya panya, wakachukua damu wakaenda." Haya yametokea duniani, hatukatai. Lakini kumbukeni akina mama wa Mombasa na Nairobi waliokubali kuingia katika uchunguzi ulioitwa Kesho Bora kati ya 2005 na 2008, pamoja na wenzao wa Burkina Faso na Afrika Kusini. Walikuwa 824, wenye virusi vya UKIMWI. Ilionekana kwamba dawa tatu zikitolewa wakati wa mimba na kunyonyesha, watoto walioambukizwa walipofika mwaka mmoja walikuwa asilimia 5.4 badala ya 9.5. Leo kuna watoto wanaokimbia hapa Nakuru kwa sababu ya ujuzi wa namna hiyo.

Fedha nyingi za uchunguzi kama huo zilitoka ng'ambo. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga mfuko, tuliona jinsi kazi zilivyosimama. Mwenye kulipa ndiye huchagua swali. Tukitaka swali letu liulizwe, fedha za kwetu ziwekwe mezani.

TUNALODAI

1. Serikali ianzishe uchunguzi wa akina mama na watoto wa mashamba ya maua, kuanzia Naivasha mpaka Njoro, kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Utafiti, nao uwafuate watoto kwa miaka.

2. Kliniki zote za waja wazito, na hospitali kuu ya Nakuru, ziandike kazi ya mama na sehemu yake: kuvuna, gredi, au kuchanganya dawa. Kalamu na mstari mmoja si gharama.

3. Wafanyakazi wawe na viti katika kamati ya uchunguzi huo, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili mashambani kabla ya kusomwa hotelini.

4. Mama atakayesema ana mimba ahamishiwe kazi isiyo na dawa siku ile ile, kwa mshahara ule ule, na kandarasi yake isikatwe. Neno hili liingizwe katika mkataba wa pamoja unaokuja.

5. Majina ya dawa zilizopigwa, na saa ya kurudi ndani, yabandikwe mlangoni pa kila grinihausi.

Mwaka 2019 Mheshimiwa Gladys Shollei alipeleka ombi Bungeni juu ya dawa zilizokataliwa Ulaya na kuuzwa kwetu. Basi njia ya Bungeni yajulikana. Sisi tuna kura na tuna chama.

Kwa sasa kila mjumbe wa shamba aandike katika daftari: tarehe, jina la dawa, na lililotokea. Jina la mama lisiandikwe bila ruhusa yake. Yule mama wa mkutanoni alijibiwa "bahati mbaya" kwa sababu hapakuwa na daftari. Asijibiwe hivyo mwingine.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.

UMOJA NI NGUVU.

Katibu wa Tawi